Aliyetazama Kulia

Teksi ilisimama mahali ambapo hapakuwa na mtaa. Mbele yetu palikuwa na uwanja wa vifusi, vyuma vilivyopinda, na msikiti mdogo uliobaki umesimama peke yake kama jino. Dereva, Myemeni wa makamo, alinyoosha kidole. "Karantina," akasema, kisha akaongeza kwa upole, kama anayenipa habari za msiba, "ilikuwa hapa."

Nilikuwa na mfuko wa nguo mapajani, uliofungwa kwa utepe wa gundi. Nilitoka nao Riyadh hadi Jeddah kwa basi, njia nzima nikiangalia jangwa na vituo vya mafuta. Mwenye mfuko sikuwa nimewahi kumwona. Nilikuwa na namba yake ya simu tu, nikapiga.

"Dada, uko wapi?"

"Karantina."

Nikasikia kicheko, na si cha mtu mmoja. "Karantina mafi, hakuna! Hiyo ilibomolewa, halas, kwisha. Nani amekuambia Karantina?"

"Norman."

"Norman naye! Tangu nitoke kwa ile nyumba anafikiri dunia ilisimama ikimngoja. Hebu mpe dereva simu."

Sauti yake ilisikika nje ya simu. Kiarabu chake kilikuwa cha amri tupu: nenda, geuka, simama, haraka, si hapo. Hakuna "tafadhali" wala "ukipenda". Ndicho Kiarabu alichosemeshwa jikoni miaka yote, na hakufundishwa kingine. Dereva alinirudishia simu akitabasamu. "Anaongea kama madam mwenye nyumba," akasema, akageuza gari kuelekea mtaa wa Mahjar.

Huyo ndiye Lorine Kageha, mwanamke wa Vihiga.

Riyadh nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya picha. Mfanyabiashara mmoja, mtu mpole mwenye vitabu vingi kuliko muda wa kuvisoma, alikuwa amenunua Ulaya mchoro wa kale wa Kitaliano, akanialika niutazame na kuandika kurasa chache za kijitabu cha kuwagawia wageni wake. Ulikuwa mchoro mdogo juu ya ubao, mtu angeweza kuutia kwapani. Mwanamke amechorwa kwa upande, anatazama kushoto kwetu. Jicho moja, sikio moja, shavu moja. Nywele za mbele zimenyolewa ili paji la uso lionekane refu, kama ulivyokuwa mtindo wa kwao zaidi ya miaka mia tano iliyopita, na zilizobaki zimefungwa kwa uzi wa lulu. Nyuma yake ni buluu iliyoiva hadi ikakaribia weusi. Hana mikono, mchoro unakoma kifuani. Mchoraji hajulikani, na mwanamke hajulikani. Chini yake mfanyabiashara yule alikuwa ametundika kibao cha shaba chenye maneno mawili ya Kiarabu, *sayyida majhula*. Bibi asiyejulikana.

Wanaozijua picha za namna hii husema kwamba mara nyingi vito havikuwa vya mwanamke mwenyewe. Vilikuwa vya ukoo wa mume. Alivishwa apate kuonekana, kisha vikarudi sandukuni. Nililiandika hilo katika kijitabu, mfanyabiashara akaomba nilitoe, nikalitoa.

Norman alikuwa dereva wa nyumba hiyo, Mkenya mwenye mvi na kifua cha pumu. Siku niliyokuwa naondoka alinitazama katika kioo cha gari akauliza, "Umemaliza na Kipara?"

"Kipara gani?"

"Huyo mama wa ukutani. Sisi wa jikoni tunamwita Kipara. Lorine ndiye alimbatiza." Ndipo akanieleza. Lorine alikuwa mfanyakazi wa ndani wa nyumba ile, na kila asubuhi alipangusa fremu ya Kipara kwa brashi laini, maana madam hakumruhusu mwingine aiguse. Baba yake alipofariki, aliomba ruhusa aende kuzika. Akaambiwa angoje Ramadhani ipite. Ilipopita, akaambiwa angoje harusi ya binamu, kisha mitihani ya watoto. "Walipokuja kusema sawa, nenda," Norman alisema, "kaburi lilikuwa limeota nyasi na wajomba washagawana kuku. Akasema sasa naenda kufanya nini? Akawa kemboi."

Neno hilo Wakenya wa Saudia wameliokota kwa wanariadha wao. Kemboi ni mfanyakazi aliyemkimbia kafili, yule mwajiri anayeshika pasi yake na ambaye bila yeye hana kibali. Akikimbia, ikama yake, kile kibali cha ukaazi, hufa, naye huishi kwa vibarua na kwa kuepuka askari. Lorine alikimbilia Jeddah, akaacha nguo zake zote. Norman alizificha chini ya kiti cha gari mpaka akampata msafiri wa kuzipeleka. Msafiri ndiye mimi.

Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu, nyuma ya duka la kurekebisha viyoyozi. Lorine alinifungulia. Alikuwa mrefu, mweusi sana, na macho yake yalikupima kabla ya mdomo kukusalimu. Aliupasua mfuko pale pale sakafuni.

"Ona! Norman ameweka mpaka sidiria. Aki, huyu mzee amezikunja akifikiria nini?"

"Amezikunja akiomba," alisema mwanamke aliyeketi kitandani. Huyu alikuwa Pauline, mwenziwe wa chumba, mnene, mwenye brashi za poda mkononi. "Ameomba zikurudie na yeye akiwa ndani." Wakacheka mpaka Lorine akafuta machozi. Kisha Pauline akanigeukia. "Na wewe, anti, umekuja kupigwa picha ama kutuandika? Kama ni kutuandika, andika mimi ni mwembamba."

Ilikuwa Ijumaa, siku ambayo wafanyakazi wa ndani wenye bahati hupata saa chache za kutoka. Ukutani palipigiliwa shuka la buluu iliyoiva. Mbele yake kigoda, na kando yake dirisha. Kwenye msumari zilining'inia lulu za plastiki kutoka maduka ya Balad, mji wa kale, hereni moja ya dhahabu bandia, na abaya yenye ushanga kifuani. Wanawake waliingia mmoja mmoja. Pauline aliwapaka poda, akawavisha abaya na lulu. Lorine aliwaketisha, akawashika kidevu kwa vidole viwili, akawageuza.

"Mimi nataka Kipara," alisema mmoja.

"Kila mtu anataka Kipara. Tazama mlango. Usitabasamu, hujauza ng'ombe. Inua shingo. Hapo."

Nilibaki nimeduwaa. Nilimwona yule mwanamke wa Riyadh ameketi kigodani, mweusi, katika abaya ya kuazima. Lorine alikuwa amemtazama kwa miaka akiwa na brashi mkononi, na alipotoka mle hakuiba kijiko. Alitoka na mkao ule tu, nao ulikuwa umeenea. Kote Vihiga, Bungoma, Siaya na Machakos, juu ya kabati za vikombe, walikaa mabinti wa Saudia wa upande mmoja, wakitazama kushoto, wenye lulu, mikono haionekani. Akina mama waliwaonyesha wageni. Huyu amefanikiwa, walisema. Tazama shingo.

"Kwa nini kwa upande?" niliuliza.

"Ukipiga mtu mbele, dada, macho yanasema. Mama anaona mara moja. Kwa upande, mtu ni wa heshima tu. Hajafurahi, hajalia."

Wateja walipokwisha aliniachia simu yake nizipitie picha. Zilikuwa safu kwa safu za wanawake, wote wamegeukia upande ule ule kama watu walio kwenye foleni. Isipokuwa mmoja. Alikuwa mdogo wa mwili, na pua fupi, naye alitazama kulia.

"Na huyu?"

Pauline akaanza kukusanya brashi zake. Lorine akakaa kigodani.

"Huyo ni Mama Fidel," alisema.

Niliyoyasikia baada ya hapo yalitoka kwa wote wawili, mmoja akianza na mwingine akimalizia. Mama Fidel alikuwa akilala mle chumbani, kitanda cha dirishani. Alikuwa na alama ya moto kwenye shavu la kushoto, kutoka sikioni hadi taya, ngozi imekunjamana kama maziwa yaliyoganda. Yeye alisema ni mafuta ya sambusa, mwezi wa Ramadhani, katika nyumba aliyoikimbia. Hakuna aliyeuliza sambusa gani inaruka mpaka sikioni. Alipotaka picha ya kumtumia mama yake, alimwambia Lorine, "Nigeuze, mama asione." Lorine akamgeuza. Ndiyo sababu alitazama kulia.

Kisha akaugua. Kilikuwa kikohozi, baadaye homa, mwisho hakuweza kupanda ngazi. Hakuwa na ikama yake mwenyewe. Alitumia kadi ya mwanamke mwingine aliyefanana naye kidogo, aliyekuwa mji wa Taif. Waliogopa hospitali kama watu wanavyoogopa polisi, maana mlangoni huulizwa kitu kile kile. Siku aliposhindwa kusema, walimpeleka kwa teksi.

"Tukamweka kwa benchi ya emajensi," alisema Pauline, "tukarudi."

"Tukakimbia," alisema Lorine.

"Tukarudi. Tungefanya nini? Walinzi walikuwa wawili."

Alifia humo. Habari ililetwa na Josphat, mlinzi wa ghala, mzee wa ushirika wao wa maombi, ambaye ana ikama halali na moyo wa kufuatilia maiti za watu. Mwenye kadi alifuatwa Taif, akaja mwenyewe akiwa hai, akaapa kadi ilimpotea. Jina likafutwa. Mwili ule ukabaki kwenye jokofu, na kwenye karatasi pakaandikwa *majhula*.

"Lakini ninyi mnamjua," nilisema.

"Sisi tunamjua Mama Fidel. Nenda uwaambie wanazika Mama Fidel, uone." Lorine alitikisa kichwa. "Wengi hapa hawakujua hata jina. Si ndivyo tunaishi? Ukijua jina la mtu, siku ukishikwa utalisema. Mimi nililijua kwa sababu ya picha. Nilimwuliza niiandike nini nikimtumia jirani wa mama yake. Fridah. Fridah Nafuna Simiyu, wa Kimilili."

Mama yake alikuwa bado anangoja simu. Alidhani binti yake yumo ndani ya nyumba ambamo simu zimekatazwa. Josphat alikuwa ameambiwa kwamba maiti wasiodaiwa na ndugu huzikwa na manispaa, na zamu ya huyu ilikuwa wiki hiyo inayoanza. Baada ya hapo kusingekuwa na mwili wa kuurudisha, wala kaburi la kuuliza.

Lorine akanitazama kwa yale macho ya kupima. "Dada, wewe una pasi, na viza yako haina kelele. Na Kiarabu chako ni cha vitabu. Nenda na Josphat. Peleka picha, sema jina. Wataona ni yeye."

Jumapili tulikwenda. Josphat alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, na kalamu mfukoni, kama mtu anayekwenda kutoa mahari. Njiani alinionya: "Mimi nimetambua marehemu wengi, lakini wote nilikuwa nimewaona wakitembea. Huyu sikuwahi. Siwezi kuapa. Mungu ananiona, na siku hizi kamera pia."

Ofisi ya maiti ya hospitali ilikuwa chini ya ardhi, na dirisha dogo. Karani alikuwa kijana mwenye adabu, uso wake umepauka kwa taa za mchana kutwa. Alisikiliza jina. Akaiangalia picha katika simu, kisha akaugeuza mwonitori wake kidogo ili nami nione.

Walikuwa wamempiga picha kwa mbele. Niliona shavu la kushoto kwanza, kwa sababu jicho halikuwa na pa kwenda kwingine. Karani akaiweka simu kando ya kioo, sura mbili bega kwa bega. Moja ya mwanamke laini, mwenye lulu na shingo ndefu. Nyingine ilikuwa ya mwanamke aliyeungua, macho yamefumbwa, mdomo umeachama kidogo. Kama ningekuwa yeye, hata mimi ningesema si huyu.

"Dada yangu," alisema, "huyu ana moto. Wako hana."

"Upo upande wa pili. Alipigwa picha hivyo ili usionekane."

"Nani anasema?"

"Aliyempiga picha."

"Yuko wapi?"

Niliiondoa simu kando ya kioo. Akaeleza, bila ukali. Walijaribu alama za vidole. Mashine ilikataa, ncha za vidole zilikuwa zimelambwa, laini kama karatasi. Huwaona wengi namna hiyo, alisema, wale wa dawa za kusafishia vyoo. Kwa hiyo alihitaji kitu kimoja: mtu aliyeishi naye, asimame hapo, amtazame, ataje jina, na yeye mwenyewe aonyeshe hati. Ilikuwa lazima kabla ya Jumanne, maana barua ya maziko ilikuwa imekwishatoka.

"Nimesema mimi," alinong'ona Josphat tulipotoka juani. "Picha nzuri namna hiyo ni ya nini? Angepigwa tu vile alivyo."

Tulipofika Mahjar hatukuhitaji kueleza mengi. Lorine alisikiliza akiwa amesimama, mgongo kwenye shuka la buluu.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Nilimgeuza mama asione. Sasa hata serikali haioni."

"Usianze," alisema Pauline. "Lorine, usianze. Aliyekufa amekufa. Ukienda pale watakuuliza ikama, wewe uko kwa kompyuta yao, bosi alikuripoti zamani. Ni tarhil moja kwa moja."

Tarhil ni mahali pa kungojea kufukuzwa nchini. Josphat aliangalia viatu vyake. "Si jela," alisema. "Lakini mlango wake una mpini upande mmoja tu. Wengine hukaa wiki, wengine wanasahauliwa."

"Umesikia?" Pauline alisema. "Na si wewe peke yako. Watachukua simu, watafuata simu mpaka hapa. Mimi nina watoto watatu shule. Au hao si watu, kwa vile hawajakufa?"

"Nitafuta simu."

"Na kazi? Hawa wanawake watapigwa picha na nani?"

"Na wewe. Si kila siku unasema unaweza kuliko mimi?"

"Nilikuwa nakutania, mjinga wewe!" Pauline alikuwa analia sasa, kwa hasira. "Hata mama yake hakujui. Hata hujafika Kimilili!"

Lorine alikaa kitandani kwa Mama Fidel, ambapo tangu siku ile hakuna aliyelala. Alisema polepole, kama anayesoma. "Tulipomweka kwa benchi alinishika abaya. Hapa. Hakuweza kuongea lakini alishika. Nikamwambia, ngoja tumlipe dereva, tunarudi sasa hivi. Nikamtoa vidole, kimoja kimoja. Ilikuwa vidole vya homa, Pauline, vilikuwa vinachoma. Akaniamini. Hicho ndicho siwezi nacho. Aliniachilia kwa sababu aliniamini."

Pauline akafuta macho kwa kiganja.

"Baba yangu nilinyimwa kumzika," Lorine alisema. "Huyu hakuna aliyeninyima. Ni mguu wangu mwenyewe uliokimbia."

Nilimwambia labda ipo njia nyingine, labda mtu wa Taif, labda barua kutoka nyumbani. Alinisikiliza kwa heshima kama mtu anavyosikiliza mgeni anayesifu chakula. Kisha akauliza, "Yule Kipara, dada. Upande ule mwingine wa uso alikuwa na nini?"

"Hakuna ajuaye."

"Hata walioandika vitabu?"

"Hata wao."

"Basi," akasema.

Alichukua simu akaanza kufuta. Hakufuta zote kwa mara moja, ingawa simu inaweza. Alifungua kila sura, akaitaja, akaifuta. Mama Trevor. Damaris. Yule wa Kitui mwenye meno. Mitchelle. Kuna alizozitaja kwa nyumba wanazofanyia kazi na nyingine kwa kicheko tu. Walikuwa kemboi wengi, na nyuso zao zisingefaa kuwa mikononi mwa askari. Pauline alikaa kando yake akimsaidia kukumbuka, maana zilikuwa nyingi. Dirisha lilipoanza kufifia ilibaki moja, ile iliyotazama kulia.

Jumatatu asubuhi alivaa abaya yake ya kazini, si ile ya ushanga. Pauline alimsuka haraka haraka, akivuta nywele kuliko ilivyohitajika, na wote wawili wakijua. "Ukifika Vihiga unenepe kidogo," alimwambia. "Umekuwa kama fimbo ya kuchungia." Hakushuka ngazi kutuaga.

Karani alinitambua. Alimtazama Lorine, akatazama nyuma yake kama anayetarajia mtu mwingine, mwanamume labda, mwenye karatasi. Nilimwambia huyu ndiye aliyeishi na marehemu, na ndiye aliyepiga picha.

"Ikama?"

Nilikuwa naitafuta sentensi. Kiarabu cha vitabu kina njia nyingi za kusema jambo bila kulisema, na nilikuwa nimezikusanya usiku kucha. Lorine hakuningoja.

"Mafi," alisema.

Kijana yule aliweka kalamu chini. Alisogea karibu na dirisha, akapunguza sauti, akaniambia mimi, bila kumtazama yeye. Hakulisikia neno hilo, alisema. Mlango uko nyuma yetu. Tutoke, tumtafute mwenye hati, turudi leo kabla ya kufunga.

"Anasema nini?"

"Anasema unaweza kutoka. Amejifanya hajasikia."

"Na nikitoka ataandika jina?"

Nikamwuliza. Akatikisa kichwa, hawezi kuandika bila shahidi.

"Basi mwambie nimekaa," alisema Lorine, akavuta kiti akaketi.

Ilibidi karani apige simu kwa wakubwa wake. Kabla ya kupiga alimpeleka Lorine kwanza ndani, amtazame marehemu, na hilo nalo nadhani lilikuwa hisani, maana wangefika askari pengine wasingemruhusu. Mimi nilibaki mlangoni. Hazikupita dakika nyingi. Alitoka amejifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Ni yeye," alisema. "Wamemlaza vizuri. Hakuna aliyemfunga kidevu."

Karani alikuwa na fomu mbele yake. "Jina?"

"Fridah."

Akaandika. Niliyasoma maandishi juu chini: Farida. Akauliza, kalamu ikiwa tayari kwenye nafasi nyingine, "Mwislamu?"

"Ameandika nini?" Lorine aliniuliza. Nikamwambia.

"Hapana! Siyo Farida! Farida ni wa Mombasa. Huyu ni Fridah. Mkristo, Friends Church. *Masihiyya*." Aligonga kaunta kwa kidole, na kile Kiarabu cha jikoni kikamtoka chote, amri juu ya amri: futa, andika, si hivyo, tena, angalia hapa. "Wakimzika kwa Farida wamezika mtu mwingine, dada. Mama yake hatampata tena. Mwambie aandike kama ilivyo kwa pasi."

Kijana alifuta. Hakuna herufi iliyokuwa kamili kwa jina lile, na tulilijaribu mara mbili, mimi nikimwandikia kwa Kilatini kando, naye akilifuata herufi kwa herufi. Fridah. Nafuna. Kwenye jina la baba Lorine alisema Simiyu na kulirudia, kwa sauti ya mtu anayefundisha mtoto. Nchi. Kaunti. Namba ya jirani mwenye simu. Shahidi akaweka kidole gumba. Cha kwake mashine ilikisoma mara moja, ikaleta jina lake lote, la kafili wake, na neno moja jekundu.

Barua ya maziko ilirudishwa. Niliiona ikipigwa mhuri. Mwili ungekaa mpaka ndugu wajibu.

Waliokuja walikuwa askari wa kike na dereva. Hawakuwa wakali. Askari alimwuliza kama ana dawa anazotumia, akamtaka atoe simu, akaitia katika bahasha. Tulipanda ngazi pamoja hadi nje. Joto lilikuwa limekwishatanda, magari ya wagonjwa yameegeshwa kwenye jua, na Josphat alikuwa ng'ambo ya barabara amesimama nyuma ya nguzo, shati lake jeupe likimsaliti.

"Mwambie huyo mzee aende kazini," alisema Lorine. "Watamkata mshahara."

"Nitamwambia."

"Halafu mama yake Fridah. Mpigie wewe leo, asisikie kwa redio ya kijiji. Usimtumie meseji. Unajua Kibukusu?"

"Sijui."

"Lugha zote hizo, dada, na hujui Kibukusu!" Akacheka, kile kicheko nilichokisikia kwanza kwenye simu, lakini kikaisha haraka. "Basi Kiswahili. Polepole. Ataanza kusalimia, atauliza mvua, usimkatize. Halafu mwambie mtoto wake alikuwa na moto kwa uso. Umwambie kabla hawajafungua sanduku."

Askari alifungua mlango wa gari, akasema yalla, twende, kwa sauti ya kawaida. Lorine akainama, akaingia, akasogea hadi dirisha la upande wa pili, kwa hiyo niliona kisogo chake na ile misuko ya Pauline, iliyovutwa mno. Gari likarudi nyuma, likangoja gari la wagonjwa lipite, likaingia barabarani.

Nilivuka, nikamwambia Josphat aende kazini. Kisha nikatafuta kivuli kwenye ukuta wa hospitali, nikabonyeza namba ya Kimilili. Ililia. Jirani alipokea, akamwita mama yake Fridah; sauti ya mwanamke mzee ikaniambia hujambo, ikauliza kama huko kwetu mvua imenyesha.